Kopo la Mvua na Daftari Lake

Ukisimama pwani ya Uvira saa tisa ya mchana, mara nyingi utaona jambo la kustaajabisha. Ziwani jua lawaka, mchanga wachoma nyayo, na huko juu, upande wa Rurambo, wingu jeusi limekaa juu ya milima. Siku nyingine mambo hugeuka: usiku kucha mvua yapiga mabati ya mjini, na asubuhi watu wateremkao kutoka milimani wasema kwao halikuanguka hata tone. Ndiyo maana siku ya soko watu wawili waweza kubishana bure. Mtu wa Uvira asema, "Mwaka huu mvua ni njema." Mama wa Rurambo, aliyekuja na mzigo mdogo kuliko wa mwaka jana, amjibu, "Kwetu, ndugu yangu, maharage yamekauka yakiwa katika maua."

Hakuna mwongo kati yao. Lakini ni neno la nani litakaloandikwa? Ikiwa neno la pwani ndilo litakalochukuliwa kuwa habari ya nchi nzima, basi mbegu za kupandia tena hazitapanda mlima, wala chakula cha msaada. Na ikiwa hakuna neno lolote lililoandikwa, kila mwenye sauti kubwa atapata, na mnyonge atakosa. Hivyo kupima ukame si mchezo wa wenye elimu peke yao. Nataka nisimulie jinsi watu walivyojifunza kazi hiyo, na hasa jinsi inavyofanywa mahali penye vipimo vichache, kama katika mabonde ya mito yetu.

Kwanza tupatane juu ya maneno mawili. Bonde la mto si ule mfereji tu wenye maji. Ni nchi yote ambayo mvua yake humalizikia mtoni humo: vilele, mashamba, malisho, vijiji na vijito. Mto Kiliba una bonde lake, Runingu lake, Sange na Luberizi vivyo hivyo. Yote huteremka kwa haraka kutoka milimani kuingia tambarare ya Ruzizi. Na ukame wa mkulima si sawa na uchache wa mvua. Ni kukosekana kwa maji ardhini wakati ule mmea unapoyahitaji. Mwaka waweza kuwa na mvua nyingi, na ukame ukawamo ndani yake. Yashike maneno haya, tutayarudia.

Sasa habari yetu yaanzia mbali kidogo, nchi ya Italia, mwaka 1639. Karibu na mji wa Perugia kuna ziwa liitwalo Trasimeno. Mwaka ule jua lilikuwa kali na ziwa lilikuwa limepungua sana. Mmonaki mmoja wa Mtakatifu Benedikto, Padre Benedetto Castelli, aliyekuwa mwanafunzi na rafiki wa Galileo, alikuwa Perugia mvua iliponyesha kwa saa nyingi. Alichukua chombo cha kioo, kirefu kama shubiri moja, akakiweka nje. Kisha akapima kina cha maji yaliyoingia. Mwezi wa sita akamwandikia Galileo barua kumweleza jambo lile. Mawazo yake yalikuwa haya: kama mvua imenyesha ziwani sawasawa na ilivyonyesha hapa mjini, basi uso wa ziwa umepanda kwa kina kile kile kilichomo ndani ya chombo changu, bila kuhesabu maji yaletwayo na vijito.

Tazama urahisi wa jambo hilo. Hakulizunguka ziwa, wala hakuajiri watu mia. Chombo kimoja na akili. Hata leo chombo cha kupimia mvua ni kopo tu lenye mdomo ulionyooka, na mvua twaihesabu kwa kina: milimeta moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji iliyomwagwa juu ya meta moja ya mraba. Lakini tazama pia neno dogo ambalo Padre Castelli alilitegemea: *kama imenyesha sawasawa*. Kutoka Perugia hata ziwani ni kilometa ishirini hivi. Je, ilinyesha sawasawa? Miaka karibu mia nne imepita tangu hapo, na kazi kubwa ya wapima mvua wote imekuwa kulijibu swali hilo.

Tuvuke sasa bahari tuje ziwani kwetu. Mwezi wa nne wa mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Walitaka kujua kama mto Ruzizi huingia Tanganyika au hutoka. Walikuwa wamesikia ya kuwa hutoka kwenda kaskazini, na walitamani sana iwe hivyo, kwa kuwa walikuwa wakitafuta chanzo cha Nili. Pale Uvira wana wa Sultani wakawaambia wazi kwamba mto huo huingia ziwani. Hawakufika kuuona kwa macho yao, na huko Ulaya mabishano yakaendelea miaka kumi na mitatu, mpaka Livingstone na Stanley walipofika penye mdomo wa Ruzizi mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1871, wakaona maji yakiingia. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na wenyeji siku nyingi. Kila msomaji wa Uvira angeweza kucheka hapa, nami nacheka naye, lakini kuna fundisho kwa mpima ukame: mtu aliyezaliwa bondeni ni chombo cha kupimia pia. Ubaya wake ni kwamba hakiandiki chenyewe.

Miaka michache baadaye ziwa lilianza kushuka kwa haraka, kwa sababu maji yalikuwa yamefungua tena njia yake ya kutokea, mto Lukuga. Mwingereza Edward Hore wa misioni ya Kiprotestanti, aliyekaa Ujiji tangu mwaka 1878, aliweka alama ufukweni akafuata ushukaji huo. Hivyo Tanganyika lilipata daftari kabla ya milima yake. Daftari hilo ni la thamani, lakini lisitudanganye. Ziwa hunywa kutoka nchi kubwa mno, karibu nusu yake ni bonde la Malagarasi huko Tanzania. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda sana, wazee wa pwani wakumbuka. Tena tangu 2020 limepanda likaingia katika nyumba za Uvira na za Bujumbura. Je, maharage ya Rurambo yalistawi miaka hiyo yote? Ziwa halijui. Ni kama kuuliza hali ya mtoto mmoja kwa kuitazama sufuria ya ukoo mzima.

Mwaka ule ule wa 1878 kundi la kwanza la Mapadri Weupe liliondoka Algiers kuja nchi za maziwa, likafika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Wengi wetu twajua kwamba shirika lao liliundwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868. Si wengi wakumbukao ya kuwa liliundwa katikati ya njaa. Miaka ile nchi ya Algeria ilipigwa na ukame, na nzige, na kipindupindu, watu wakafa kwa wingi, na kazi ya kwanza ya Lavigerie ilikuwa kuwakusanya mayatima walioachwa njiani. Labda kwa sababu hiyo, labda kwa tabia yake ya kutaka kila jambo liwe na hati, aliagiza kila misioni iwe na kitabu cha habari za kila siku. Ndani ya vitabu hivyo, pamoja na ubatizo na safari na magonjwa, mna habari za mvua iliyochelewa, mahindi yaliyonyauka, mto uliochukua daraja. Mwenye kuandika historia ya hali ya anga katika nchi hizi hawezi kuviacha. Havina milimeta, lakini vina tarehe, na tarehe ni nusu ya kipimo.

Kumbukumbu ya watu nayo ina tarehe zake. Ng'ambo ya Ruzizi, huko Rwanda, njaa hupewa majina: Rwakayihura ndiyo ile ya 1928 na 1929, Ruzagayura ni ile ya 1943 na 1944, ambayo iliwafanya wengi wakimbilie Kongo. Jina kama hilo ni hati. Lakini yafaa kuwa na hadhari. Katika Ruzagayura mvua ilikosekana, ni kweli. Lakini pia viazi viliugua, na wakati ule wa vita serikali iliwatoza wakulima chakula na kazi. Anayeandika "njaa, basi ukame" amechanganya ugonjwa na dalili yake.

Turudi kwenye kopo. Mwaka 1860 huko Uingereza kijana mmoja, George Symons, alianza kukusanya madaftari ya watu waliopima mvua kwa hiari katika bustani zao. Hakuwa na fedha za kuwalipa. Walikuwa madaktari, walimu, wenye mashamba, mabibi wa nyumbani, na wachungaji wengi wa vijijini, ambao kazi yao iliwafanya wakae mahali pamoja miaka mingi. Alipokufa mwaka 1900 walikuwa wamezidi 3,000. Nadhani hakuna mahali pengine ambapo nchi nzima ilipimwa kwa gharama ndogo namna ile.

Lakini makopo hata yakiwa mengi hayaenei kila mahali. Mwaka 1911 Mmarekani mmoja, Alfred Thiessen, alitoa shauri la kugawa nchi. Chora mstari katikati ya kopo na kopo. Kila shamba lihesabiwe kwa kopo lililo karibu nalo kuliko mengine. Kisha zidisha mvua ya kila kopo kwa ukubwa wa nchi yake, jumlisha, gawanya kwa ukubwa wa bonde zima. Hesabu hiyo ni nyepesi, yatumika hata leo, na katika tambarare yafaa. Katika milima yetu ni hatari. Kutoka pwani ya Uvira, yapata meta 770 juu ya bahari, hata mashamba ya milimani yanayozidi meta 1,500, si mbali ukipima kwa rula juu ya ramani. Lakini mguu wajua, na wingu lajua. Hewa yenye unyevu ikipanda mlima hupoa, na ikipoa humwaga maji yake. Kwa hiyo mlimani hunyesha zaidi kuliko chini. Bujumbura, chini kule, hupata kadiri ya milimeta 800 tu kwa mwaka. Ukitumia mistari ya Thiessen, shamba la Rurambo litahesabiwa kwa kopo la pwani kana kwamba lipo ufukweni.

Na makopo ya kwetu yaliwekwa wapi? Mwaka 1933 Wabeleji waliunda shirika la uchunguzi wa kilimo, INEAC, ambalo makao yake yalikuwa Yangambi, karibu na Kisangani. Lilitandaza stesheni nyingi za kupima hali ya anga. Kivu kulikuwa na Mulungu, juu ya ziwa Kivu. Katika tambarare ya Ruzizi kulikuwa na Lubarika, mahali pa pamba. Shirika jingine, IRSAC, lililoanzishwa mwaka 1947, lilikuwa na makao Lwiro na nyumba yake Uvira kwa uchunguzi wa ziwa. Nyumba hiyo yaendelea na kazi hata leo kwa jina la CRH. Kule Usumbura kulikuwa na uwanja wa ndege, na marubani hawaruki bila habari za anga. Wajuzi wa INEAC walipima kwa bidii kubwa, na kati ya 1971 na 1977 Mbeleji Bultot alitoa vitabu vikubwa vya ramani za hali ya anga ya bonde lote la Kongo. Mpaka leo anayetaka kujua mvua ya zamani ya nchi hii huvifungua.

Lakini angalia mpango wa stesheni zile. Palipimwa palipo na pamba, palipo na miwa, palipo na bandari, palipo na ndege. Mkulima wa maharage mlimani hakuwa na kitu ambacho kampuni ilikihitaji. Sisemi Wabeleji walificha mvua ya mlima. Nasema kwamba kipimo hufuata fedha, na hilo ni kweli hata siku hizi.

Kisha daftari likakatika. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, mafundi wengi wakarudi kwao upesi, INEAC ikavunjwa. Mwaka 1964 vita vya Wamulele viliingia Uvira na tambarare yote. Mwaka 1970 serikali iliunda INERA ishike kazi ya INEAC, lakini fedha zilikuwa chache, makopo yakatoboka, karatasi zikaliwa na mchwa. Vita vya 1996 vikaanzia huku huku kwetu, tena vikaja vya 1998. Leo stesheni za Kongo ambazo habari zake zafika ulimwenguni kila siku ni za kuhesabika, katika nchi kubwa karibu mara themanini kuliko Ubelgiji. Hivyo bonde la Runingu au la Kiliba latupasa kulipima kwa akili zaidi kuliko kwa vyombo.

Akili hiyo ilipatikana wapi? Mwaka 1948, katika nchi mbili mbalimbali, watu wawili walifanya kazi moja bila kushirikiana. Katika Uingereza, Howard Penman alionyesha namna ya kuhesabu ni maji kiasi gani yanayochukuliwa na jua na upepo kutoka ardhini na majanini. Hesabu yake ni nzuri, lakini yataka kujua jua, upepo, joto na unyevu wa hewa. Katika Marekani, Warren Thornthwaite alitafuta njia ya maskini: yatosha kujua joto la kila mwezi na urefu wa mchana. Ya Penman ni sahihi zaidi. Ya Thornthwaite yawezekana. Mwenye kipimajoto kimoja na subira aweza kuitumia. Mwaka 1965 Mmarekani mwingine, Wayne Palmer, akaunganisha mambo: mvua iingiayo, maji yachukuliwayo na jua, na udongo ulio katikati kama mtungi. Ndipo ukame ulipopata namba yake.

Mfano utalieleza jambo hili vizuri zaidi. Namba nitakazotaja ni za kufundishia tu. Tuseme maharage yahitaji milimeta 40 za maji kwa kila siku kumi, na udongo wa shamba la mteremko waweza kuhifadhi 40 tu, maana si mnene. Majirani wawili wanapima mvua, na mwisho wa mwezi kila mmoja ana milimeta 120. Wa kwanza alipata 40 katika siku kumi za kwanza, 40 katika kumi za pili, 40 katika kumi za mwisho. Maharage yake hayakupungukiwa na kitu. Wa pili alipata 110 katika siku kumi za kwanza, sifuri katika za pili, 10 katika za tatu. Tuhesabu. Katika 110 maharage yalikunywa 40, udongo ukahifadhi 40, na 30 zilizobaki ziliteremka mtoni. Siku kumi za pili mmea ulikunywa yale ya akiba, mtungi ukabaki mtupu. Siku kumi za tatu ulihitaji 40, ukapata 10. Umepungukiwa 30, na kama ndio wakati wa maua, hakuna mvua ya baadaye itakayorudisha maua yaliyopukutika.

Waona? Namba ya mwezi ni moja, 120. Karatasi ya afisi itasema majirani hawa wamepata mvua sawa. Na tena, milimeta 30 zilizompungukia wa pili ni zile zile 30 zilizopita shambani kwake kwenda mtoni. Watu wa chini, wakiona mto umejaa, watasema mvua ya mlimani ni nyingi mno! Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaua watu wengi mjini Uvira na kubomoa nyumba kwa maelfu. Baada ya msiba kama huo nani atathubutu kutamka neno ukame? Hata hivyo mto uliojaa siku moja hautoi habari ya mashamba ya siku ishirini zifuatazo. Ukitaka mto uwe shahidi, uulize mwezi wa saba na wa nane, wakati hakuna mvua. Maji yanayopita chini ya daraja siku hizo ni yale ambayo mlima uliyameza wakati wa masika na sasa wayatoa polepole. Fimbo yenye alama iliyosimikwa darajani, ikisomwa kila juma la kiangazi, itasema mlima ulimeza kiasi gani. Fimbo hiyo haina gharama kubwa. Mafuriko tu ndiyo adui yake.

Hesabu ya siku kumi kumi niliyoieleza si yangu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitoa mwaka 1979 kwa kazi ya mabwana Frère na Popov, kwa ajili ya nchi zenye vipimo vichache. Mmea huanza msimu na alama 100; kila upungufu wa maji hupunguza alama hizo; ukishuka chini ya 50 mkulima hana mavuno ya kutajwa. Kwa maoni yangu ndiyo njia iwafaayo watu wa milimani kuliko zote, kwani yamwuliza mmea, haiwaulizi mawingu.

Kuna njia nyingine yenye sifa kubwa zaidi. Mwaka 1993 Wamarekani watatu, McKee, Doesken na Kleist, walisema: tusiulize mvua ni milimeta ngapi, tuulize ni kiasi gani ikilinganishwa na desturi ya mahali pale. Mwaka wa kawaida hupata sifuri. Mwaka mkavu hupata namba ya chini ya sifuri. Ukifika kutoa mbili, huo ni ukame wa kutisha ambao hutokea mara chache sana katika maisha ya mtu. Kwa njia hii pwani na mlima waweza kulinganishwa, kila mmoja kwa desturi yake. Yahitaji mvua tu, ndiyo sababu mwaka 2009 wakuu wa hali ya anga wa dunia walishauri kila nchi iitumie. Lakini ina sharti moja gumu: daftari la miaka thelathini hivi. Pasipo daftari, desturi haijulikani, na pasipo desturi hakuna sifuri ya kuanzia.

Hapo ndipo zilipoingia satelaiti. Tangu 1977 Wazungu wana satelaiti Meteosat, ambayo hukaa kilometa 36,000 juu ya Ikweta ikiitazama Afrika mchana na usiku. Haioni mvua yenyewe. Huona ubaridi wa vilele vya mawingu: wingu refu lenye kilele cha baridi kali laelekea kuleta mvua, na katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, huhesabu saa za mawingu hayo na kuzigeuza kuwa milimeta. Huko California nako wameunganisha satelaiti na makopo machache yaliyobaki, wakatoa ramani za mvua tangu mwaka 1981, zenye miraba ya kilometa tano hivi kila upande. Basi Rurambo ina miaka zaidi ya arobaini ya mvua ambayo hakuna aliyeipima mahali pale.

Ni msaada mkubwa, sitaki kuudharau. Lakini ndani ya mraba mmoja wa kilometa tano mwaweza kuwa na kilele, mteremko na bonde, kila kimoja na mvua yake. Pili, mvua nyingi ya milimani hutoka katika mawingu mafupi yanayosukumwa juu ya mteremko. Vilele vyake si vya baridi, na satelaiti huyapita kama hayana kitu. Tatu, ramani hizo zilirekebishwa kwa makopo, na makopo yako wapi? Yale yale ya tambarare na ya mijini. Tumerudi kwa Padre Castelli: *kama imenyesha sawasawa*.

Satelaiti nyingine, tangu miaka ile ile ya 1981, hutazama majani. Jani lenye afya hulirudisha nuru kwa namna yake, na ukijani huo hugeuzwa namba. Nchi ikikauka, namba hushuka. Sasa fikiri habari ya Rurambo katika miaka hii ya karibuni, ambapo mapigano yamewafukuza watu katika vijiji vingi. Shamba lililoachwa halikai uchi. Nyasi na magugu hulifunika, nayo ni kijani kuliko maharage. Kutoka angani shamba hilo laonekana limestawi. Namba yapanda, na mwenye shamba amelala kambini bila chakula. Na mwaka mwingine, watu wakirudi na kulima, udongo wageuka mwekundu, namba yashuka, afisi ya mbali yaandika: ukame. Hakuna chombo kitakachotambua tofauti hiyo ila mtu aliye pale.

Kwa hiyo wajuzi wa siku hizi wanaopima mabonde yenye vipimo vichache hawatumii njia moja. Huchukua mvua ya satelaiti, huilinganisha na kopo hata likiwa moja, huhesabu maji ya udongo kwa siku kumi kumi, hutazama majani, huuliza mto wakati wa kiangazi, kisha huwauliza wakulima mwaka gani walipanda mara mbili. Mashahidi watano dhaifu wakikubaliana, neno lao lapata nguvu. Wasipokubaliana, lazima mtu apande mlima akatazame.

Pengine msomaji auliza, kopo moja mlimani, likisomwa na mwalimu au katekista au wanafunzi, lingefaa nini? Lingefaa kuliko makopo kumi mengine pwani. Chombo kiwe na mdomo mviringo ulionyooka, kisimamishwe wima mahali pa wazi, mbali na mti na ukuta angalau mara mbili ya urefu wake, kiinuliwe ili tope lisirukie ndani. Kisomwe kila asubuhi saa ile ile, saa moja yafaa, na kumwagwa.

Sehemu ngumu ni daftari. Waanzao kazi hii hukosea karibu wote kwa namna moja: siku isiyo na mvua huiacha wazi. Miaka ishirini baadaye mtu afungua ukurasa, aona nafasi tupu, na hawezi kujua kama hakukunyesha au hakukupimwa. Tarehe 28 Novemba 1964, pale Baraka na Fizi, waliuawa Mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin, na Abbé Albert Joubert, hao ambao tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenye heri mjini Uvira. Majuma yale katika nchi hii nani alikuwa akisoma kopo? Nafasi tupu za miezi ile si jua kali. Ni watu waliokimbia. Aliyezihesabu kuwa sifuri angetutengenezea ukame mkubwa ambao haukuwapo, na miaka mikavu ya kweli ingeonekana si kitu mbele yake.

Basi siku isiyo na mvua iandikwe sifuri kwa wino. Na siku ambayo mpimaji alikuwa mgonjwa, au safarini, au alikimbia, aandike atakaporudi: *sikupima*.